Maganda Sitini ya Torleiv

12 Agosti

Daftari hili ni la kaka yangu Torleiv. Kurasa thelathini za mwanzo zimejaa mwandiko wake, tarehe na idadi na vipimo, utadhani ni la daktari wa mifugo. Zilizobaki zilikuwa nyeupe, nikaona ni dhambi kuziacha hivyo. Ukurasa wa kwanza kabisa haupo. Niliuchana mwezi wa nne kuwashia jiko. Ulikuwa na maelezo matupu, na mimi maelezo sijayahitaji tangu nilipotoka shule na miaka kumi na minne, siku ambayo mwalimu alifurahi kuliko mimi.

Macho ya Torleiv yamekwisha. Pembeni anaona kidogo, katikati haoni kitu. Ukitaka akuone inabidi akutazame sikio. Sasa anakaa kwenye nyumba ya wazee karibu na kanisa, wanakompa samaki siku nne kwa wiki, na meza yake ya kutengenezea risasi ipo jikoni kwangu, pamoja na maganda yake sitini matupu. Miaka arobaini na mmoja yeye ndiye aliyejaza risasi zetu sote wawili. Kazi yangu mimi ilikuwa kupiga, kuokota maganda, na kumcheka.

Aliponikabidhi meza alianza kunieleza hatua moja moja. Nikamwambia, "Kaka, kukata shaba hata kuku anaweza, akifundishwa kuzungusha mpini." Akasema, "Vizuri sana. Basi usije ukaniuliza."

Nami sitamuuliza. Akinisubiri atasubiri sana.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Tarehe 25 Septemba msimu wa elgi unafunguliwa. Elgi ni yule mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa kama farasi, wa miguu mirefu, mwenye sura ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Kila mwaka ni lazima nipasi mtihani wa shabaha, risasi tano, mita mia, zote ndani ya duara moja. Siku ya mwisho ni tarehe 20. Nikishindwa, nitakaa kwenye kibanda cha wawindaji nichemshe kahawa ya wengine, na kituo chetu cha kumvizia elgi pale kinamasini, alichokaa baba, kisha Torleiv na mimi, atapewa Preben, daktari wa meno kutoka Oslo.

Najua risasi za dukani zipo. Hata meno ya bandia yapo, na bado nayapenda yangu sita.

13 Agosti

Mvua. Nimekata maganda kumi.

14 Agosti

Mvua. Nimekata kumi na mbili, na ncha ya kidole.

15 Agosti

Niandike kazi yenyewe, ili Torleiv akifa wasiseme aliondoka na elimu.

Risasi ikishapigwa linabaki ganda la shaba. Ganda limevimba kwa ule moto, na shingo imerefuka. Ukitaka kulitumia tena inabidi lirudishwe umbo. Kuna kibanio cha chuma, unalisukuma ndani yake kwa mkono wa mashine, linatoka jembamba. Kuna kimashine cha kukatia, kimefungwa kwa skrubu ukingoni mwa meza: huku kinashika kitako cha ganda, kule kuna kisu cha duara chenye meno, na mpini wa kuzungusha kama wa mashine ya kusagia nyama, ila mdogo, wa kuchezea mwanasesere. Unazungusha, unga wa shaba unadondoka, shingo inapungua mpaka kizuizi kinasema basi. Halafu unachukua kijiti cha chuma chenye makali unalainisha mdomo, ndani na nje, usije ukakwaruza kichwa cha risasi. Mwisho unajaza: fataki mpya kitakoni, baruti ndani, kichwa cha risasi mdomoni.

Kipimo cha Torleiv ni milimita hamsini na nne na nukta nane. Hamsini na tano ndiyo mwisho wa yote. Hilo ameliandika kwenye kila ukurasa, na kulipigia mstari.

Mimi nakata kwanza, nalainisha, kisha nabana. Nakata mwanzoni kwa sababu ndiyo kazi ninayoichukia, na kazi ya kuchukiza huimaliza mapema. Ndivyo ninavyokula samaki pia, kichwa kwanza.

17 Agosti, Jumapili

Nimekwenda kumwona. Alikuwa amekaa dirishani akilitazama kabati, maana yake alikuwa ananiona mlangoni.

"Unanuka mafuta ya bunduki," akasema. "Kazi inaendaje?"

"Inateleza kama siagi."

"Umekata mangapi?"

"Ishirini na mbili. Yote sawasawa kama masista kanisani."

"Na komeo la bunduki? Linafunga vizuri?"

"Kaka, si ulisema nisikuulize? Basi na wewe usiniulize."

Akacheka mpaka mhudumu akaja kuangalia kama amepaliwa. Tukacheza karata zake zile zenye namba kubwa kama nambari za nyumba. Ameniibia mara mbili. Mtu haoni namba lakini anaiba!

21 Agosti

Nimepata akili. Nimefungua mpini wa kimashine nikafunga drili ya umeme mahali pake. Ganda la kwanza, sekunde tatu. La pili, sekunde mbili. Nikaanza kuimba. Kwa la tisa nikagundua kizuizi kimelegea kwa mtikisiko na kisu kimekuwa kikiendelea na safari yake. Maganda tisa yamebaki mafupi kama vikombe vya kuwanyweshea panya.

Nimerudisha mpini. Mbwa wangu Kvikk amenitazama, akahamia sebuleni.

22 Agosti

Oddlaug, jirani yangu, amekuja na jamu. Alikuwa fundi wa kushona mavazi ya kitaifa miaka yote, yale ya sufu nzito yenye vifungo vya fedha, na mpaka leo anakutazama kana kwamba anatafuta pa kukupunguza. Ameona yale maganda tisa.

"Haya nini?"

"Majaribio ya kisayansi."

"Nipe. Nitayashonea kwenye pindo la pazia, yalivute chini lisipepee."

"Oddlaug, mwanamume anakupa shaba na wewe unawaza pazia?"

"Mwanamume mwenyewe nimeshampima," akasema, "hana urefu wa kutosha pindo." Akaondoka na maganda yangu. Na kijiko changu cha jamu.

23 Agosti

Nimebana, nimejaza. Risasi thelathini. Nzuri kuziangalia.

26 Agosti

Uwanja wa shabaha. Mvua imekatika na mbu wamerudi wote.

Gunnvor ndiye kiongozi wa kikosi chetu cha wawindaji. Ana miaka arobaini na minne, anaendesha mtambo wa kukatia misonobari, na sauti yake imezoea kushindana na injini. Ndiye anayesimamia mtihani. Nimelala kwenye mkeka, nimetia risasi, nikasukuma komeo. Komeo likagoma. Nikalipiga kwa kiganja, likafunga.

"Mzee Sjur, mbona unaipiga bunduki makofi?"

"Imezoea. Sisi tumeoana zamani."

Tano zimeondoka. Tatu ndani. Moja tumboni mwa yule elgi wa karatasi, chini kabisa. Ya tano hatukuiona mpaka Gunnvor alipoikuta kwenye mti wa fremu.

"Umeshindwa."

"Upepo."

"Majani hayatikisiki."

"Umepita haraka."

Preben naye alikuwepo, na bunduki inayong'aa kama sinki lake. Tano zote ndani ya upana wa kiganja. Akaja kunipa pole, na meno yake yote. Nimemchukia kwa moyo mkunjufu.

27 Agosti

Nimesafisha bunduki. Haina kosa.

28 Agosti

Nimesafisha tena.

31 Agosti, Jumapili

Torleiv: "Mtihani?"

Mimi: "Bado sijaenda. Nasubiri hali ya hewa."

Mhudumu aliyekuwa akimwaga kahawa ni shangazi yake Gunnvor. Akakohoa. Torleiv akatabasamu upande wa dirisha.

3 Septemba

Mara ya pili. Mbili ndani, tatu nje. Komeo gumu kwa zote. Bega langu lina rangi ya zabibu kavu, maana leo bunduki ilirusha teke kuliko kawaida.

Gunnvor hakupiga kelele safari hii, na hilo ndilo lililoniuma. Alikaa kwenye benchi karibu yangu.

"Sjur, nunua risasi dukani. Hakuna atakayekucheka."

"Wewe utanicheka."

"Mimi nitacheka, ndiyo. Lakini kituo utakuwa nacho."

"Torleiv kajaza miaka arobaini na mmoja. Nikienda dukani, maana yake alipotoka yeye na kazi yake ilitoka. Sitaki kumpelekea habari hiyo."

"Basi fanya alivyofanya yeye," akasema.

Hapo ndipo penye tabu. Sijui alivyofanya. Nilikuwa nje naokota.

5 Septemba

Sakitu ya kwanza, umande umeganda asubuhi, nyasi zimevunjika chini ya kiatu kama biskuti. Preben amekuja bila kualikwa, gari limejaa tope, akabeba sanduku mpaka jikoni.

"Nimesikia kimashine chako kinakusumbua," akasema. "Hiki changu cha umeme. Unasukuma ganda tu, kinakata na kulainisha kwa mara moja. Kaa nacho mpaka msimu uanze."

"Unataka kituo changu na bado unanikopesha mashine?"

"Sikitaki kituo chako, mzee. Kinamasini kuna baridi. Mimi nilitaka kile cha karibu na kibanda, chenye kahawa. Gunnvor ndiye aliyeniandika kinamasini."

Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Viatu vyake vimechakaa kama vyangu. Nikampa kahawa na mkate bapa na jibini la kahawia. Akala vipande vinne. Hakusema lolote juu ya meno yangu, ijapokuwa niliona anayahesabu.

6 Septemba

Mashine ya Preben inakata huku ikiimba, na inaimba vibaya. Maganda ishirini. Nimeyapima moja moja kwa kipimo cha Torleiv cha chuma chenye taya mbili. Hamsini na nne na nukta nane, yote. Nimebana, nimejaza.

7 Septemba, Jumapili

Kwa Torleiv. Karata. Hakuuliza, sikusema. Kimya kilikuwa kizito hata kuliko samaki wao.

9 Septemba

Komeo limegoma tena. Nimejaribu risasi moja tu kule kwenye shimo la changarawe, nikaziacha nyingine.

Basi si mpini wala si umeme. Kimashine cha Torleiv nimekitukana bure wiki nne. Nimekifuta kwa kitambaa na kukiomba radhi, Kvikk akiwa shahidi.

10 Septemba

Mvua.

11 Septemba

Mvua. Zimebaki siku tisa. Nimetazama ile nafasi ya ukurasa uliochanika, ule ukingo wenye meno meno, kwa muda mrefu.

13 Septemba

Leo niandike kwa utulivu.

Oddlaug alikuja kurudisha kijiko. Alinikuta mezani nimeshika kichwa, maganda yamejipanga mbele yangu kama watoto waliokosa.

"Una nini?"

Nikamweleza. Nimekata sawa, nimepima sawa, bado hayaingii. Alisikiliza ameinamisha shingo, kama anavyosikiliza mteja anayesema vazi limepungua lenyewe kabatini.

"Unapima lini?" akauliza.

"Nikishakata."

"Halafu?"

"Nalainisha mdomo. Halafu nabana kwenye chuma kile."

"Unabana baada ya kukata?"

"Ndiyo."

"Na ukishabana unapima?"

"Nipime tena ya nini? Nimeshapima!"

Oddlaug akavuta kiti akakaa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikajua nakaribia kutukanwa na fundi.

"Sjur. Nikiletewa sufu mpya ya sketi, nafanya nini kwanza?"

"Unalalamika bei."

"Nailowesha! Naipiga pasi ya mvuke. Nailaza usiku kucha, inywee, ijikunje, imalize ujanja wake wote. Ndipo nashika mkasi. Ukikata kwanza halafu ukalowesha, umemshonea bibi harusi sketi ya mtoto. Na hiki kitu chako, ukikiminya ubavuni kama soseji, unadhani nyama inakwenda wapi?"

Nikamtazama. Nikatazama kibanio. Nilichukua ganda moja ambalo halijaguswa na mashine ya mtu yeyote, nikalikata. Nikalipima mbele yake: hamsini na nne na nukta nane. Nikalipaka mafuta, nikalisukuma kwenye kibanio, nikalitoa, nikalifuta, nikalipima.

Hamsini na tano na nukta mbili.

"Limerefuka," nikasema.

"Mungu wangu, kumbe na shule angeweza kumaliza," Oddlaug akamwambia mbwa.

Nilisimama nikambusu shavuni. Alinipiga kwa kijiko, lakini si kwa nguvu. Halafu akabaki, akavaa miwani ya kazi ngumu, na tukaanza upya: mimi nabana, yeye anakata kwa kimashine cha Torleiv, anazungusha mpini kama aliyezaliwa nao. Zile risasi mbovu zilizobaki nilizifungua, maganda yake nayo yakarudi kwenye foleni. Mchana ulipokwisha tulikuwa na maganda thelathini, na unga wa shaba kwenye sketi yake ulimetameta kama sikukuu ya taifa.

Pazia lake jipya nimeliona. Kweli halipepei.

14 Septemba, Jumapili

Nimemwambia Torleiv yote. Nilianza na mtihani wa kwanza, nikaja wa pili, komeo, makofi, teke la bega. Kadiri nilivyosema ndivyo uso wake ulivyopoteza rangi.

"Ulilipiga komeo kwa kiganja?"

"Kidogo."

"Sjur! Ganda likiwa refu linajikita mwisho wa chumba, linakibana kichwa cha risasi, kinakataa kutoka, na moshi wote unatafuta njia nyingine. Njia nyingine ni uso wako! Ungetaka tuwe vipofu wawili? Nani angemsomea mwenzake karata?"

Nilimshika mikono.

"Kwa nini hukuuliza, mdogo wangu?"

"Uliniambia nisiulize."

"Na wewe lini umewahi kunisikiliza? Isitoshe niliandika. Nilijua hutauliza, ndiyo maana niliandika, kwa herufi kubwa, nikiwa bado naziona. Ukurasa wa kwanza. Bana kwanza, kata baadaye."

Nikatazama viatu vyangu.

"Hukuusoma?"

"Kaka," nikasema, "ukurasa wa kwanza uliwaka vizuri sana."

Halafu kikaanza kitu tumboni mwake, kikapanda kifuani, kikamtoka mdomoni. Alicheka mpaka machozi yakatoka kwenye yale macho yasiyo na kazi nyingine, nami nikacheka, na wazee waliokuwa wakingoja samaki wakacheka bila kujua sababu. Shangazi yake Gunnvor alileta maji kwa wote.

Wakati wa kuondoka akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kinamasini mwaka huu kuna maji mengi?"

Miezi yote hii namletea habari za karata. Sikufikiri hata siku moja kwamba anakitamani kituo kile kuliko mimi ninavyoogopa kukipoteza.

20 Septemba

Jua, hewa baridi, misonobari imesimama wima kama imeitwa majina.

Komeo limefunga kwa kidole kimoja. Kwa kidole kimoja! Nilitaka kulia hapo hapo kabla ya kupiga hata risasi moja.

Tano. Gunnvor alikwenda kuangalia, akarudi, akaenda tena. Oddlaug alikuwa kwenye benchi na chupa ya kahawa, akijifanya anafuma soksi.

"Tano ndani," Gunnvor akasema. "Mzee, umemlipa nani?"

"Nimempa mwanamke shaba."

"Haya. Kituo chako."

"Nina ombi moja. Nataka nikae na Torleiv. Bila bunduki. Akae tu."

Gunnvor akatazama bonde. "Mita mia sita kutoka barabarani, yote matope. Macho hana."

"Miguu anayo. Mmoja ni mzuri kabisa."

Preben, aliyekuwa anafunga bunduki yake, akasema bila kugeuka, "Nitambeba kwenye matope. Nyumbani nabeba mkoba wa gofu, huo hausimulii chochote."

Gofu. Nimemsamehe hata hilo.

24 Septemba

Nimefungasha. Kvikk hataki kula.

25 Septemba

Tulifika kinamasini kabla jua halijavuka mlima. Torleiv alikuja mgongoni mwa Preben, akiwa amevaa kofia ya baba, akimwelekeza njia kwa kumbukumbu: "Jiwe kushoto sasa. Mti ulioanguka mwaka wa mafuriko. Chini kidogo, daktari." Hakukosea hata mara moja. Preben alimweka juu ya ngozi ya kulungu, akatugawia chokoleti, akaondoka anavuja jasho kwenye sakitu.

Tukakaa. Kinamasi kilikuwa na ukungu mwembamba, nyasi nyekundu, na harufu ile. Torleiv alivuta pumzi kama mtu anayekunywa.

"Nieleze," akanong'ona.

Nikamweleza. Mti wa njano mmoja upande wa mashariki. Kunguru wawili. Maji yameganda pembeni kama kioo cha picha. Aliitikia kwa kichwa, akirekebisha: "Kunguru watatu." Wa tatu akalia nyuma yetu.

Saa mbili na nusu mbwa wa Gunnvor akabweka ng'ambo ya kilima, mara moja, kisha mfululizo. Sikuona kitu. Macho yangu mazuri mawili, hayakuona kitu. Torleiv akaweka mkono kwenye goti langu.

"Kulia. Anatembea majini. Polepole. Mmoja tu."

Nikageuza bunduki kulia, na pale ambapo hapakuwa na kitu pakawa na dume mchanga, amesimama na maji magotini, anasikiliza. Nikasukuma komeo. Lilifunga bila sauti. Elgi hakugeuza hata sikio.

Nilipiga mara moja. Alipiga hatua tatu, akalala kwenye nyasi nyekundu kana kwamba ndiko alikokuwa anakwenda.

Tulikaa tu. Kwenye redio Gunnvor aliuliza nani amepiga. Nikasema, "Ndugu wawili, risasi moja." Akasema asikie lugha ya kazi tafadhali, lakini nilisikia anacheka.

Nikavuta komeo, ganda likaruka, likaanguka kwenye majani. Nilinyoosha mkono kuliokota, kwa mazoea ya miaka arobaini na mmoja, lakini Torleiv alikuwa ameshapapasa na kulipata. Bado lilikuwa na moto. Alilihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile. Likapoa. Kisha akaweka ukucha wa kidole gumba mdomoni mwa ganda akauzungusha, taratibu, nje, halafu ndani, uso umetazama mbinguni, yaani alikuwa ananitazama mimi.

Nikangoja. Sijawahi kumngoja mwalimu namna ile.

"Mdomo laini," akasema. "Umenyooka. Umekata vizuri."

"Ni Oddlaug aliyekata," nikasema.

"Nilijua tu," akasema Torleiv, akalitia ganda mfukoni mwake.